Mchaichai wa Rweya

Jirani yangu hapa Hamugembe ameniletea kipakiti cha majani ya chai ya kutuliza moyo, kina picha ya mwanamke aliyefumba macho. Binti yake amemtumia kutoka Dar es Salaam. Akanieleza na namna ya kuiandaa: chemsha maji, tumbukiza, funika, kaa kimya, kunywa polepole. Alinieleza kwa makini sana, kana kwamba mimi nimezaliwa jana. Nilimshukuru, nikakiweka kipakiti kabatini nyuma ya chumvi, na humo kitakaa mpaka panya wakigundue. Mimi nina mchaichai wangu kwenye ndoo iliyotoboka, pale mlangoni. Na kuhusu kukaa kimya asubuhi, nilifundishwa na mtu ambaye ukimya haukuwa hulka yake hata kidogo.

Mama yangu alikuwa mkali. Simsemi vibaya marehemu, nasema lililokuwepo. Kwetu, karibu na Kashozi, watu walikuwa wanatania kwamba akipaza sauti kibanjani, yaani kwenye shamba letu la migomba, kuku wa jirani wanarudi kwao wenyewe bila kufukuzwa. Yeye mwenyewe alijijua. Ndiyo maana alijiwekea sheria: akiamka hasemi neno, wala haambiwi neno, mpaka amalize kikombe chake cha mchaichai. "Maneno ya kabla ya chai si yangu," alikuwa anasema. "Ni ya hasira, na hasira haina mama."

Mchaichai ulikuwa umeota nyuma ya nyumba, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Alikuwa anaukata kwa kisu, hang'oi, majani machache tu yenye umande. Anayakunja, anayafunga fundo kwa jani moja refu. Maji yakichemka anaipua sufuria kwanza, ndipo anatumbukiza fundo na kufunika kwa kipande cha jani la mgomba. Ukichemshia majani motoni, alisema, unapata uchungu na harufu yote inakwenda kwa majirani. Kisha anatoa rozari na kusali kumi moja, Salamu Maria kumi, tena bila haraka. Zikiisha, chai imeiva. Anamimina kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni, anakaa kwenye kizingiti, uso kwenye migomba, na kunywa. Sukari ilikuwa ya wageni.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunakiangalia kikombe chake. Alipokigeuza kumwaga matone ya mwisho chini, ndipo tuliposema shida zetu. Hata baba, aliyekuwa mpole na mwenye maneno mengi, alisubiri. Wengine walimcheka kwamba ametawaliwa na kikombe. Aliwajibu kwamba afadhali kutawaliwa na kikombe kuliko na kile ambacho kikombe kimekizuia.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa kifua nikiwa darasa la tano. Tulimzika kibanjani, kama ilivyo kwetu, kati ya migomba aliyoipanda baba yake. Matanga yalipokwisha ukoo ulikaa, na kikao hakikuwa kirefu. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Kibanja ni cha ukoo, na binti hukipeleka kwa watu wengine akiolewa, hivyo mrithi alitajwa kuwa baba mdogo. Yeye hakuwa mtu mbaya. Nimekaa na chuki juu yake miaka mingi na nimechoka nayo, kwa hiyo naweza kusema ukweli: alikuwa mtu wa kawaida aliyepewa kitu ambacho mila ilisema ni chake, akakipokea.

Aliingia nyumba kubwa na mke wake na watoto. Sisi tukahamia nyumba ya jiko. "Shemeji, wewe hapa ni kwako, hakuna atakayekufukuza," baba mdogo alimwambia mama, na nadhani alimaanisha. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mama alikuwa ameshika jembe la kibanja kile tangu alipoolewa, sasa akawa analishika kama mgeni. Ndizi za kukata aliomba. Kahawa iliyoiva hakuichuma mpaka aambiwe. Mke wa baba mdogo alianza kumwaga maji ya vyombo upande mwingine, na mchaichai ukaanza kunyong'onyea. Mama akawa anaumwagilia mwenyewe, jioni, kwa kibuyu.

Kitu alichokitaka mama kilikuwa kimoja, na alikuwa anakisema wazi hata mbele yetu watoto: kizingiti chake. Mahali pa kukaa asubuhi na kikombe ambapo hakuna mtu anayeweza kumwambia sogea.

Siku hizo habari za vijiji vya ujamaa zilikuwa kila mahali. Zilikuwa redioni, zilikuwa kwenye mikutano ya TANU, hata padri alizisema baada ya misa. Upande wa Muleba kulikuwa kunaanzishwa kijiji juu ya rweya, yaani zile mbuga za nyasi zilizo wazi kati ya vijiji vyetu vya migomba. Watu wa kwetu walikuwa wanacheka. Rweya ni mahali pa kukata nyasi za kuezekea na za kutandika sakafuni, mahali ambapo wanawake hulima njugu mawe. Nani akakae huko, upepo unapiga, mgomba hauoti? Waliokwenda walikuwa vijana wasio na ardhi, na watu ambao mambo yao nyumbani yalikuwa yameharibika.

Asubuhi moja baba mdogo alikuja na mzee mmoja wa ukoo. Walikuja alfajiri, kama inavyopasa kwa neno zito, kabla watu hawajatawanyika. Mama alikuwa ndiyo kwanza amefunika sufuria. Aliwatolea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kwa magoti yote mawili, kisha akarudi kwenye rozari yake. Mzee akaanza kusema. Baba mdogo akamgusa mkono.

"Subiri, baba. Huyu haongei mpaka anywe."

"Mpaka anywe nini?"

"Majani."

Mzee alitafuna kahawa yake kwa hasira. Mama alisali, akamimina, akanywa mpaka mwisho. Akageuza kikombe. Ndipo mzee akasema kilichowaleta: watoto wa baba mdogo wamekua, nyumba ya jiko inahitajika, je, mama angependa wamjengee kibanda kando ya kibanja, chini ya uangalizi wa shemeji yake, au arudi kwao alikozaliwa?

Mama niliyemjua angeipasua asubuhi ile vipande viwili. Lakini alijibu taratibu kabisa, tena kwa neno letu la heshima, "Nawashukuru, waitu. Nitakwenda rweya."

Baba mdogo alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mama hacheki, aliinamisha kichwa.

Siku ya kuondoka lori la kijiji lilisimama barabarani. Mama alikuwa na masanduku ya nguo, majembe, sufuria, na sisi. Kitu cha mwisho alikwenda nyuma ya nyumba, akachimba shina moja la mchaichai pamoja na udongo wake, akalifunga kwenye jani la mgomba. Mke wa baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni akihakikisha hakuna kinachokwenda kisichopaswa kwenda.

"Hata nyasi?" akauliza.

Mama akasimama. Chai alikuwa ameshakunywa, bahati nzuri.

"Nikiuacha, utaumwagilia?"

"Chukua, chukua. Nyasi si mali."

Kule rweya upepo ulitupokea kama walivyotuambia. Tulilala kwanza katika banda la wote, kisha kila mwenye nyumba akaonyeshwa kipande chake cha kujenga na kulima, mbali na shamba la ujamaa. Mama alijenga. Vijana walimsaidia nguzo na kuezeka, sisi tukakandika udongo. Kitu cha kwanza alichokifanya ukuta ulipokauka ni kuweka kizingiti, jiwe bapa tulilolitoa mbali, tukiliviringisha mimi na mdogo wangu huku tunalia. Cha pili alipanda mchaichai.

Migomba yake ilitoa majani ya manjano ikasimama hivyo hivyo, imekataa kufa na imekataa kuishi. Mihogo ilijitahidi. Lakini mchaichai! Ule ulikuwa umefika kwao. Ni nyasi, na rweya ni nchi ya nyasi. Katika mvua moja shina lile lilijaa, mama akaligawa, akapanda mstari mzima mbele ya nyumba, kisha mwingine. Kila asubuhi alikuwa na umande wake, fundo lake, kumi yake ya rozari, na kizingiti chake. Siwezi kusema tulikuwa na raha. Tulilima shamba la ujamaa siku tulizoitwa, tukabeba maji mbali, na wali tuliusikia kwa jina. Lakini mama alikuwa anacheka tena, na hilo nalikumbuka kuliko njaa.

Kisha likaja jambo la wajane. Vipande vyetu vilikuwa vya kuonyeshwa tu, bado havijathibitishwa. Tulipewa taarifa kwamba mgeni kutoka wilayani atakuja, na mbele yake kila mwenye nyumba atatajwa na kipande chake, iwe imekwisha. Siku chache kabla, mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba za wanawake wasio na waume. Alikuwa mwanamume mchangamfu, mkubwa wa tumbo, anayependa kupendwa na kila mtu. Alisimama mbali kidogo, akazungumza akiangalia paa letu.

"Mama, kuhusu ile siku. Wanawake mlio peke yenu tutawataja chini ya ndugu wa kiume. Ni utaratibu tu."

"Ndugu gani?"

"Si una shemeji Kashozi?"

Mama aliingia ndani. Nilimsikia akivunja kitu, nadhani ni chungu. Tulikuwa tumesafiri kutwa nzima kwa lori, tumejenga, tumekandika, na sasa kibanja cha ukoo kilikuwa kimetufuata mpaka rweya. Akitajwa baba mdogo, nyumba ni ya baba mdogo, na kizingiti kile tulichokiviringisha mama angekikalia kwa hisani kama alivyokalia kile cha kwanza. Usiku ule alituambia, "Siku ya mkutano nitasema. Niombeeni nisipige mtu." Hakuwa anatania.

Ilikuwa kiangazi, na rweya ilikuwa imechomwa. Watu huichoma kila mwaka ili nyasi changa ziote. Kote ulikotazama palikuwa peusi, vumbi la majivu linapanda na upepo. Na kwetu mgeni hapokelewi kwenye sakafu tupu. Nyumba lazima itandikwe nyasi laini, mbichi, zilizokatwa siku hiyohiyo. Sakafu isiyotandikwa ni aibu ya kijiji kizima. Kazi hiyo alipewa bibi harusi mmoja aliyekuwa jirani yetu, mke wa kijana mmoja wa pale, binti mwenye haya ambaye hata jina lake alilisema kwa kunong'ona. Alitoka kungali giza na mundu wake kutafuta nyasi mbichi katika nchi nyeusi.

Mama alipoamka na kisu chake alikuta visiki. Mistari yote miwili ilikuwa imekatwa vizuri, kwa usawa, na mtu anayejua kukata.

Sijawahi kuona uso kama ule. Alisimama na kisu mkononi, midomo inacheza, na mimi nikajua kwamba yaliyokuwa yanakuja ni yale maneno ya kabla ya chai, yote ya miaka yote. Alikwenda mpaka mlango wa jirani. Bibi harusi alitoka na kumwona, akapiga magoti, akamwita mama kwa lugha yetu.

"Mae, nilikata za kutandika. Rweya yote imeungua. Nikaziona zile tu."

"Hukusikia zinanukia?"

"Nilisikia. Nikasema mgeni atafurahi."

Basi mtu aseme nini? Nyasi za rweya hazina mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote, toka mabibi: kibanja kina mwenyewe, rweya ni ya kila mwenye mundu. Binti yule hakuiba, alifuata alichofundishwa. Mama alirudi nyumbani bila neno. Hakuchemsha chochote. Alijifunga khanga, akatushika mikono kwa nguvu iliyoumiza, tukaenda mkutanoni.

Nyumba ya mikutano ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake chini, mgeni kwenye kiti pekee chenye mgongo. Na harufu! Ulipoingia ilikupiga usoni. Watu walikuwa wamekanyaga, wamekalia, wamesugua majani yale, na nyumba nzima ilikuwa inanukia asubuhi za mama yangu. Mgeni alivuta pumzi.

"Mwenyekiti, hizi nyasi gani? Mahali pengine pote wananitandikia zinazonuka ukungu."

Mwenyekiti alifurahi mpaka tumbo likatikisika. "Ni mchaichai, ndugu. Ni wa mama yule pale, ameupanda uani kwake."

Mama akakaa chini pamoja na wanawake wengine.

Wakaanza kutaja. Mwanamume na kipande chake, mwanamume na kipande chake. Walipofika kwa wanawake walio peke yao, mwenyekiti alikohoa, akataja wa kwanza chini ya kaka yake, wa pili chini ya mjomba. Kisha akamgeukia mama na kuanza kutaja jina la baba mdogo.

"Waitu, subiri kidogo," mama alisema.

Sauti ilikuwa inatetemeka. Nilimwona akitia mkono chini ya paja lake, akichomoa majani aliyoyakalia. Akayakunja. Akayafunga fundo kwa jani moja refu, kama kila siku, akalishika puani kwa mikono miwili na kufumba macho. Midomo yake ilianza kusogea. Nilijua anachokifanya, na mdogo wangu alijua. Alikuwa anasali kumi yake. Mgeni wa wilaya akamwangalia mwenyekiti, mwenyekiti akaangalia paa, mtu mmoja nyuma akacheka na kunyamazishwa. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Salamu Maria kumi ni ndefu sana ukisubiriwa na kijiji.

Alipofumbua macho, sauti ilikuwa imerudi mahali pake.

"Mwenyekiti, nyasi za rweya ni za nani?"

"Za wote, mama. Unajua."

"Na hizi tulizokalia?"

"Hizi ni zako."

"Nani amesema?"

"Mimi. Nimemwambia mgeni sasa hivi."

"Kwa nini zisiwe za wote?"

"Si umezipanda wewe?"

"Nimezipanda wapi?"

Wanawake walikuwa wameshaanza kucheka chinichini. Mwenyekiti naye alikuwa ameona shimo, lakini alikuwa ameshainua mguu. "Uani kwako," alisema.

"Ahsante," mama alisema. "Basi nitaje hivyo hivyo. Shemeji yangu hajawahi kupanda hata jani hapa. Mke wake aliniambia nyasi si mali, na mimi nilikuja na nyasi tu."

Mgeni hakucheka. Aliuliza, "Nyumba anayokaa amejenga nani?" Watu wakajibu kwa sauti nyingi kwamba ni yeye. "Basi mtaje yeye," akasema, na akauliza kama kuna mama mwingine anayetaka kutajwa kwa jina lake. Wawili walisimama. Mmoja alibaki chini, akasema kaka yake angekasirika. Sikumlaumu. Si kila mtu ana kitu cha kushika puani.

Tulipofika nyumbani mama alimfokea kuku mmoja mpaka akapanda juu ya paa. Kisha akakaa kwenye kizingiti akalia, na sisi tukalia, bila kujua vizuri kwa nini.

Kesho yake visiki havikuwa na jani hata moja. Mama alichemsha maji, akaipua sufuria, akafunika, akasali kumi yake, akamimina maji matupu kwenye kikombe cha bati na kuyanywa yote, uso kwenye rweya iliyoungua. Bibi harusi alikuja akasimama pembeni na mikono nyuma. Mama alimaliza, akageuza kikombe, ndipo akamwambia aje mvua zikianza achukue shina.

Mvua zilianza, mchaichai ukarudi mzito kuliko mwanzo. Msimu uliofuata baba mdogo alikuja kututembelea. Alishuka kwenye lori usiku, akalala kwa mwenyekiti, akafika kwetu alfajiri, kama inavyopasa. Mama alikuwa kwenye kizingiti na kikombe chake. Baba mdogo alipiga hodi kutoka njiani, akafungua mdomo aseme jambo, kisha akakiona kikombe. Akaufunga. Hakusogea kuingia. Alisimama pale kwenye umande, kofia mkononi, mrithi wa ukoo mzima, na mama hakuharakisha hata kidogo. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akageuza kikombe, akainuka.

"Karibu, shemeji," alisema. "Karibu kwangu."